Kikombe Kilichotupwa Shimoni

Tangu mume wangu atangulie mbele ya haki, naosha vyombo katika maabara ya kupima saruji. Hakuna chombo ninachokiheshimu kama kile kikombe cha platinamu. Kinaenea kiganjani, ila kizito kuliko unavyodhani. Huingia tanurini kikawa chekundu kama kaa, kikipoa kinarudi cheupe vilevile. Hata asidi tunayokichemshia haikidhuru. Tunacho kimoja tu.

Siku hiyo binti aliyekuwa kazini kwa majaribio, aliyebakiza siku mbili aajiriwe, alikifunga kwenye karatasi kisipate mikwaruzo. Akaitwa kwenye simu. Aliporudi akazoa karatasi chafu zote za mezani, akatupa. Mfuko wa taka niliupeleka mwenyewe kwenye shimo la kuchomea taka. Ulijaa vumbi la saruji, uzito wa kikombe nisiusikie.

Mchana akanijia midomo imemkauka. "Mama, kikombe sikioni. Nilikifunga karatasi."

Tukatazama dirishani. Moshi wa shimoni ulikuwa unamalizikia.

"Basi nimekwisha. Kimeungua."

"Tanuri halijakiweza miaka kumi na moja, sembuse karatasi? Inuka, mwanangu."

Nikamwomba Mungu kimoyomoyo, tukaanza kupekua jivu. Mlinzi akatucheka: "Mnatafuta viazi?"

"Tunatafuta kazi ya mtu. Shika reki."

Yeye ndiye aliyekigonga. Kilitoka cheusi tii, binti akaanza kulia. Nikakisugua taratibu kwa mchanga laini, kama tunavyokisafisha kila wiki, kisha akakirudisha tanurini. Masizi yakaisha. Kikatoka kinang'aa.

"Tusimwambie mkuu," akanong'ona.

"Mungu ameshatuona. Twende ukaseme."

Mkuu tunamwita Mizani, kwa kuwa hata sukari ya chai anaipima. Alisikiliza bila kupepesa macho, akakipima kikombe, akafungua daftari lenye uzito wake wa asubuhi. Akapima tena. Tarakimu zote zilikuwa zilezile, hadi ya mwisho.

"Kikombe kimefaulu," akasema.

"Na huyu?" nikauliza, nikimsogeza binti mbele.

Akatutazama, tumejaa jivu hadi kwenye kope, akacheka mpaka miwani ikamshuka puani.

"Nendeni mkanawe, mnanichafulia mizani. Na wewe binti, keshokutwa uje usaini karatasi zako za ajira. Tafadhali, usifungie kitu humo."