Kidole cha Mzee Emilian

Glasi ya maji ilikuwa bado imejaa. Apolinaria aliitazama pale kwenye kona ya meza ya cherehani, inzi mmoja akitembea ukingoni, kisha akamtazama binti yake aliyekaa kwenye kigoda akichambua mchicha. Ilikuwa saa nne asubuhi. Glasi hiyo aliiweka pale saa moja.

"Kunywa maji, mwanangu."

"Nitakunywa."

Jana alijibu hivyo hivyo.

Julieth alikuwa koplo. Alikuja nyumbani Cheyo kwa likizo ya wiki mbili, akitokea ng'ambo ya ziwa, kwenye kikosi cha kulinda amani. Alhamisi alitakiwa kurudi huko kwa miezi sita mingine. Lakini Jumapili, katikati ya misa, alipiga magoti akashindwa kunyanyuka. Daktari alimpima, akasema figo zimeanza kulalamika, akamuuliza kwa siku anakunywa maji kiasi gani. Julieth akatazama viatu vyake. Daktari alikuwa kijana mpole. Hakurudia swali. Aliandika tu kwenye cheti, juu ya majina ya dawa, kwa herufi kubwa: MAJI.

Mchana ule wa Jumatatu Apolinaria alimsimamisha juu ya stuli apime pindo la suruali zake mbili za kombati. Zilikuwa zimekatwa kwa miguu ya wanaume, na chini zilibaki kama shibiri nzima. Mama alikuwa amebana pini midomoni, hawezi kusema neno. Labda ndiyo maana Julieth akaanza kusema.

Alisema doria hutoka alfajiri, watu kumi na wawili garini, na mwanamke ni yeye peke yake. Wanaume wakibanwa, gari linasimama, wanageukia gurudumu, dakika moja wamemaliza. Yeye inabidi avue fulana nzito ya kuzuia risasi, afungue mkanda, aweke bunduki chini, ashushe suruali mpaka magotini, tena kichakani, asikojua ardhini kumefukiwa nini wala nani amelala kwenye majani. Akajifunza kutokunywa. Kuanzia saa kumi alfajiri mpaka saa kumi jioni, hata tone. Sasa hata akiwa nyumbani koo halikubali. Kuna mwenzao mmoja, Sylvester, akimsoma usoni kuwa amebanwa hulikingamisha gari barabarani na kuwaambia wote watazame upande wa pili, lakini si kila siku Sylvester ndiye dereva. Na suruali za kike aliziomba. Aliambiwa zitakuja.

Apolinaria akatema pini kiganjani.

"Basi usirudi."

Pale juu ya stuli Julieth akaeleza habari za kisima. Huko kuna kisima ambako wanawake huinua ndoo zao na kuondoka wakiona askari wa kiume. Yeye hawamkimbii. Kiswahili chao kina lafudhi nyingine, lakini maneno ya kisimani ni yale yale. Mmoja, mwenye mtoto mgongoni, ndiye aliyemnong'oneza njia wanayoviziwa wakienda kuni. Tangu siku hiyo doria inapita njia ile, na wanawake wanakwenda kuni wakarudi wote.

"Nisipokuwepo, mama, hawatamwambia mtu."

Mama aliinama akaendelea kubandika pini, na mbili alizibandika vibaya.

Alikuwa akikumbuka Ipole, mashamba ya tumbaku, yeye msichana wa miaka kumi na mitano. Mwanamke mmoja akibanwa hakuwa na haja ya kusema. Wenzake waliweka chini majani waliyobeba, wakamzunguka, wakatandaza kanga zao na kumpa migongo, na mmoja akaanzisha wimbo ili sauti nyingine isisikike. Hata leo basi likisimama porini watu wachimbe dawa, kanga zinatoka zenyewe mikobani. Lakini huko aendako Julieth, nani atamshikia kanga?

Jumanne Julieth alikwenda Kwihara kumuaga shangazi yake. Mama alifunga mlango wa barazani, akachukua wembe na suruali moja. Alifumua mshono wa katikati, kuanzia zipu ya mbele ilipoishia, kupita kati ya miguu, mpaka nyuma chini ya mkanda. Akatia zipu ya pili ndefu, akaifunika kwa ulimi wa kitambaa kile kile, alichokipata kwenye shibiri ya ziada ya miguu. Sasa mtu angeweza kuchuchumaa mkanda ukiwa kiunoni, fulana kifuani na bunduki mkononi. Mara nne alishona, mara tatu akafumua. Ya nne akaipiga pasi ya mkaa mpaka mshono ukalala kama haujawahi kuguswa.

Jumatano asubuhi akampelekea Mzee Emilian, fundi wa baraza ya jirani, aliyemfundisha kushona miaka thelathini iliyopita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mayu. Umeniletea suruali ya vita? Mimi na miguu hii ya kuku nitaijaza?"

Alimwomba aikague, amwambie kama imeguswa mahali. Hakumweleza kwa nini, naye mzee hakuuliza. Alivaa miwani, kisha akaivua na kufumba macho, kama alivyokuwa akifanya zamani alipokagua kazi yake, akatembeza kidole gumba juu ya kitambaa. Mapindo. Mifuko. Kiuno. Kikashuka kwenye mshono wa katikati, na pale chini ya mkanda kikasimama. Kilisimama kama mtu aliyesikia akiitwa. Kisha kikaendelea.

"Sioni kitu," alisema, akamrudishia. "Aliyeishona anajua kazi." Akafungua droo, akampa kibunda cha uzi wa kijani. "Huu hauchuji. Chukua, hapa kwangu unakula vumbi tu."

Julieth alipoonyeshwa, uso ulimbadilika. Hakupandisha sauti. Alisema hiyo ni mali ya jeshi, na siku ya kuripoti kuna ukaguzi, nguo moja moja, ndani na nje. Wakiona imechezewa, jina lake linatoka kwenye doria, atakaa kambini kuhesabu magunia ya mchele.

"Mzee Emilian ameikagua," mama alisema. "Kasema haoni kitu."

Julieth akamtazama. Apolinaria angeweza kuishia hapo.

"Lakini kidole chake kilisimama," akasema. "Kidogo. Halafu kikapita."

Julieth aliishika suruali kwa mikono miwili, akaufungua ulimi, akaufunga, akaufungua tena. Mama alichukua wembe mezani akauweka juu ya kile kitambaa.

"Nimeshona kwa uzi wa kijani wa kufumuka upesi. Ukitaka kuirudisha ilivyokuwa, ni nusu saa. Mimi nakwenda sokoni."

Alikaa sokoni mpaka saa kumi. Alinunua nyanya ambazo hakuzihitaji. Aliporudi, mkoba wa safari ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na Julieth alikuwa akipika ugali, akiimba taratibu. Mama hakuuliza.

Alhamisi alfajiri walikwenda stendi. Mzee Emilian naye alikuja, kwa mwendo wake wa fimbo, na karanga kwenye mfuko. Apolinaria alimpa binti yake chupa ya maji kupitia dirishani. Julieth aliipokea, akaikumbatia kifuani kama mtoto. Basi lilipokata kona chupa ilikuwa bado haijafunguliwa.

Nyumbani jua lilikuwa limefika kwenye meza ya cherehani. Glasi aliyomwekea Julieth kabla hawajatoka ilikuwa tupu. Ilikuwa imefunikwa kifudifudi juu ya meza, na ndani yake, kama mdudu aliyenaswa, ulilala wembe. Matone yalikuwa bado yakiteremka kwenye kioo. Kwenye makali ya wembe paliganda kitu chembamba, labda uzi wa kijani, labda ni unyevu tu uliokuwa uking'aa.

Miwani yake ya kushonea ilikuwa mfukoni mwa gauni. Apolinaria aliigusa, akaiacha huko huko. Alivuta kiti, akakaa mbele ya glasi, mikono mapajani, akalitazama tone moja likishuka.