Mgongo wa Sista Mbili

Mgongo wa Sista Mbili ulikuwa umeshafika getini mlinzi alipouona. Ulikuwa umenyooka vizuri, haujabeba kitu, unatoka pamoja na watu wa zamu iliyokwisha. Mlinzi akauamkia, maana aliuheshimu.

"Shikamoo. Mwenyewe yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko wodini, anageuza watu."

"Haya, nenda salama."

Chanzo ni mhudumu mgeni. Katika wodi ile mgonjwa hunyanyuliwa kwa shuka, mtu mmoja kila upande, na muuguzi ndiye anayehesabu. Wengine huhesabu mpaka tatu. Sista huyu hunyanyua kwenye mbili, mgonjwa akiwa bado anasubiri tatu ndipo ajikaze. Anashtukia ameshageuzwa, na maumivu hayajapata nafasi. Jina lake lilitoka hapo. Siku hiyo mhudumu hakuambiwa. Sista akanyanyua kwenye mbili, mwenzake akangoja tatu, na mzee seremala aliyevunjika nyonga, mtu wa mwili kama kabati, akawa mzigo wa mtu mmoja. Sista hakumwachia. Alimlaza taratibu, akamwekea mto, na mgongo ukatokea nyuma ya gauni, ukaondoka bila kuaga.

Mashine ya kunyanyulia wagonjwa ipo. Iko stoo, ndani ya nailoni, hutolewa wageni wakija.

"Matroni, naomba ufunguo," Sista alisema. Alikuwa ameshikilia kitanda, gauni limening'inia nyuma kama limetundikwa kwenye enga.

"Itachakaa, mdogo wangu. Hakuna wa kukusaidia?"

Seremala asingegeuzwa, ngozi ingeanza kuoza kabla nyonga haijaunga. Tangu aletwe hakuwa na hata alama. Sista akajishikiza ukutani, akaenda nyumbani. Mgongo ulikuwa umelala chali kitandani, mumewe ameufunika blanketi.

"Usiuamshe," mume alisema. "Ndiyo kwanza umepata usingizi."

"Seremala ataota vidonda," Sista akauambia mgongo.

Mgongo ukauliza, "Ni yule anayetukana akigeuzwa?"

"Huyo huyo."

"Kwa huyo nitakuja. Wengine sina habari nao."

Ukawa unakuja. Kila ilipofika saa ya kumgeuza mzee, uliingia kwa mlango wa jikoni, ukajipachika mahali pake, na Sista akahesabu.

"Wewe mwanamke," seremala alilalamika, "hiyo tatu utaisema lini?"

"Siku utakayotembea, baba."

Kisha mgongo ulirudi zake nyumbani, na Sista akageuza wodi nzima kwa mikono na magoti. Hakuna mgonjwa aliyerukwa.

Seremala aliondoka kwa miguu yake, ngozi nzima. Mlangoni Sista akamwambia, "Tatu." Baadaye mzee aliuletea mgongo kiti cha kuegemea alichokichonga mwenyewe, nao haujaondoka hapo. Mume anasema ni mkazi mwema, haukoromi. Sista bado yuko kazini, anatembea ameinama. Wagonjwa wanapenda, uso wake uko karibu nao. Matroni amepandishwa cheo. Mashine iko stoo, nailoni haijatoboka. Mhudumu sasa amejua kunyanyua kwenye mbili, na anasifiwa sana. Juzi mgongo wake ulimwuliza mlinzi geti hufungwa saa ngapi.