Kipimo Kimoja kwa Wawili

Fundi, kama mtaa ulivyomwita kwa kazi yake ya ushonaji, alikuwa anapiga pasi magauni ya kwaya pale pacha wake alipoingia, akaegemea mlango, akasema anataka kwenda kupima. Hakusema anapima nini. Katika familia yao kitu cha kupimwa kilikuwa kimoja tu, kile kilichomuua mama yao.

Mama alianza na vidole. Akiwa na miaka arobaini na mitano vidole vyake vilianza kucheza vyenyewe, kama mtu anayepiga kinanda hewani. Yakafuata mabega, kisha miguu, hadi majirani wakaanza kunong'ona kwamba yule mama siku hizi anakunywa tangu asubuhi. Akawa msahaulifu, akawa na hasira za ghafla. Siku moja alimrushia sufuria mzee wa kanisa aliyekuja kumwombea. Alifariki akiwa na miaka hamsini na miwili, mwepesi kiasi kwamba binti zake walimbeba wawili tu bila msaada. Baada ya mazishi daktari aliwaita, akawaeleza kwamba ugonjwa ule unarithiwa, na kila mtoto wa mgonjwa nafasi yake ni nusu kwa nusu. Kisha akawatazama vizuri, uso huu na uso ule, akavua miwani.

"Lakini ninyi ni pacha wa yai moja," alisema. "Mkiwa nao, mnao wote. Mkiwa hamna, hamna wote."

Hiyo ilikuwa miaka kumi na minne iliyopita. Sasa walikuwa na arobaini na sita.

Pacha wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Sista, alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji. Ndiye aliyetangulia kuzaliwa, kwa dakika ishirini, na hizo dakika ishirini alizitumia maisha yake yote kuwa mkubwa.

"Kazi yangu ni kumpa daktari kisu mkononi," Sista alisema. "Juzi mkasi umeniponyoka. Labda ni uchovu. Labda siyo. Siwezi kungoja hadi nimuumize mtu ndipo nijue."

"Omba wakuhamishe, basi. Si lazima upime."

"Nijifukuze kazi kwa kosa ambalo huenda sina?"

Fundi aliisimamisha pasi. "Na mimi je, dada? Ukipima damu yako umepima yangu. Mimi sijatoa ruhusa. Siku zangu anazijua aliyenipa, na mimi sitaki kuzichungulia."

"Dawa ya presha mbona unameza kila asubuhi? Huko siyo kuchungulia?" Sista hakuwa amekanyaga kanisani tangu mazishi ya mama, ila maneno ya kanisa alikuwa bado anayo. "Huyo huyo aliyekupa siku ndiye aliyempa mtu akili ya kutengeneza hicho kipimo."

Walibishana hadi gauni moja likaungua kola. Mwisho wakafikia mapatano: Sista atapima, na hatasema kitu. Fundi hatauliza.

Kwa maneno ilikuwa rahisi. Shida ni kwamba waliishi ua mmoja, katika nyumba waliyoachiwa na mama. Fundi alikaa vyumba vya mbele, cherehani zake zikitazama barabara, na Sista alikaa nyuma. Bomba lilikuwa moja, kamba ya kuanikia nguo moja. Ukuta uliotenganisha vitanda vyao ulipitisha hata kikohozi. Tangu mumewe Fundi afariki, hakuna binadamu aliyemwona mara nyingi kuliko dada yake, na dada yake alikuwa na uso wake.

Basi akaanza kuusoma ule uso. Sista akicheka, Fundi alijiambia: hakuna kitu, tumepona. Akinyamaza: kipo. Siku Sista aliporudi na viatu vipya, Fundi alifurahi saa nzima, kwa sababu mtu anayejua ataugua hanunui viatu. Halafu akawaza kwamba huenda ndiye hasa anayenunua, avivae haraka kabla miguu haijaacha kumtii. Sindano ikamchoma kidole.

Sista naye alikuwa mjanja. Siku ileile aliyotoa damu aliomba kuhamishiwa chumba cha kuchemshia vyombo, kabla majibu hayajatoka, ili pacha wake asije akasoma chochote katika uhamisho huo. Alijifunza kusalimia akiwa ameinamia ndoo. Aliishi kwenye ua wa nyumba yao wenyewe kama mtu aliyekodi chumba, na Fundi vivyo hivyo. Miezi miwili ikapita hivyo.

Kisha akaja binti.

Binti wa Fundi alikuwa mpima ardhi, mtoto wake wa pekee, ameolewa mwaka mmoja. Alifika Jumamosi mchana bila mumewe, akaondoa vitambaa kwenye kiti, akakaa.

"Mama, nina ujauzito. Wiki ya kumi na moja."

Fundi alipiga kelele ya furaha, akamkumbatia na futi yake ya kupimia shingoni. Binti alikubali kukumbatiwa, lakini mwili wake ulikuwa mgumu kama ubao.

"Mama mkubwa ameshapima, sivyo?"

"Nani amekuambia?"

"Hajaniambia mtu. Amehama upasuaji, na ninyi wawili mnasalimiana kama wapangaji waliogombania umeme."

Fundi akarudi kukaa. Binti akaeleza taratibu, kama mtu aliyeyapanga maneno njia nzima. Mtoto anaweza kupimwa akiwa tumboni. Kama ni kupima, ni sasa, kabla ya wiki ya kumi na nne. Lakini kama ugonjwa hauko kwa mama na mama mkubwa, basi hauko kwake wala kwa mtoto, na habari inaishia hapo.

"Na wakimpima wakaukuta?" Fundi aliuliza. "Mtamfanya nini?"

"Sijui, mama."

"Hujui, au hutaki kunitajia?"

"Sijui. Nilikuwa na miaka kumi nikimfuta bibi mate. Nilimlisha uji ukarudi wote kifuani kwangu. Wewe unasema uhai ni zawadi, na mimi naamini, lakini nilikuwepo." Alijifuta uso kwa kiganja. "Ningeweza kwenda kupimwa mwenyewe bila kukuambia. Ila wakiukuta kwangu, umetoka kwako, na nitakuwa nimekupima kwa nguvu. Ndiyo maana nimekuja kuomba."

Usiseme hakuwa na adabu. Afadhali angekuwa mkorofi, Fundi angejua la kujibu. Alipoondoka, Fundi alibaki ameshika tama mbele ya cherehani isiyozunguka. Akikataa kujua, binti atapima kwa njia nyingine. Akikubali na majibu yakawa mabaya, atakuwa amempa binti yake sababu ya kumtoa mjukuu. Akikubali na yakawa mazuri, wote watacheka, lakini nafasi ya mazuri ni nusu tu, na nusu nyingine ni ya mabaya. Kila upande aliougeukia aliukuta ukuta uleule, na nyuma ya ukuta alimsikia dada yake akisogeza kiti.

Jumatatu akaenda kwa mchungaji. Alikuwa kijana aliyehamia pale mwaka uliopita, na ofisi yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba magoti yao yalikaribia kugusana chini ya meza. Alisikiliza yote bila kumkatiza.

"Kanisa linafundisha kwamba uhai ni wa Mungu tangu tumboni," alisema. "Hilo siwezi kulipunguza hata kidogo, mama. Lakini sijasoma popote kwamba kutojua ndiyo imani."

"Kwa hiyo nijue?"

"Sikusema hivyo. Unachoogopa ni ugonjwa, au ni kile atakachofanya binti yako?"

"Vyote."

"Basi usimlinde mjukuu kwa kumficha mama yake ukweli. Atakayemzaa ni yeye."

Fundi alicheka kicheko kikavu. "Na akimzaa, mchungaji, na mtoto akaja kuugua? Mama yangu alipomrushia yule mzee sufuria, kanisa halikurudi tena nyumbani kwetu. Miaka mitatu. Tulimgeuza kitandani sisi wenyewe."

"Sikuwepo, mama."

"Kanisa lilikuwepo."

Mchungaji alitazama mikono yake, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba ni kweli, na kwamba ni aibu. Hakujaribu kuipaka rangi. Fundi aliondoka bila shauri, lakini kwa sababu fulani alimheshimu kuliko alivyoingia.

Asubuhi iliyofuata alimkuta Sista bombani. Maji yalikuwa yanatoka kwa kusuasua, na ndoo ilikuwa haijafika nusu.

"Niambie," Fundi alisema.

Sista hakuinua uso. "Una uhakika?"

"Sina. Niambie hivyohivyo."

Sista alifunga bomba. Alinyooka, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili akamtazama pacha wake machoni.

"Upo," alisema.

Fundi alitarajia kuanguka. Hakuanguka. Alishikwa na hasira, akataka kumpiga kibao huyu mtu aliyekwenda kuleta kitu kama hiki nyumbani. Kisha akauona uso wa dada yake ulivyochoka. Miezi miwili alikuwa ameibeba habari ya watu wawili peke yake, akicheka kwa kipimo, akinyamaza kwa kipimo, ili mwenzake alale. Fundi akamshika mkono, wakakaa kwenye kizingiti cha jikoni.

"Vile viatu," Fundi alisema. "Vilikuwa vya nini?"

"Vile vya zamani vilikuwa vimetoboka, jamani."

Wakacheka hadi wakalia, na mwisho kulia kukashinda.

Binti alipokuja, Fundi alimwambia waziwazi, bila kuzunguka. Binti aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia namba aliyokwisha kuikisia.

"Mama, kama ungejua mwaka ule, ungenizaa?"

Ile "ndiyo" ilikuwa tayari kwenye ulimi. Fundi aliizuia kidogo, aione kama ni ya kweli.

"Ningeogopa sana. Ningelia. Ningekuzaa."

"Unasema hivyo kwa sababu nipo mbele yako."

"Sasa nitasemaje vingine, na upo mbele yangu?"

Binti alitabasamu, lakini tabasamu halikudumu. Akachukua mkoba wake. "Nitapima damu yangu. Ila sitakuambia majibu. Na kuhusu huu ujauzito, naomba usiniulize hadi niseme mwenyewe."

"Mwanangu, mimi ni mama yako."

"Wewe uliomba usiambiwe, mama, na tulikuheshimu sote. Mimi naomba nisiseme."

Fundi hakuwa na pa kushika. Alisimama mlangoni akimtazama anavyokata kona, akatambua kwamba hajawahi kutaka kujua kitu kama anavyotaka kujua hiki. Wiki ya kumi na mbili ikaisha. Ya kumi na tatu. Ya kumi na nne alishona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja. Aliomba, na katikati ya sala akajikuta anamwekea Mungu masharti. Akaacha, akaanza upya, akarudia palepale. Sista, aliyemfahamu kuliko wote, alimletea chai na kukaa naye.

Wiki ya kumi na saba binti alitokea na mita tatu za kitambaa cha buluu, akakiweka mezani.

"Nishonee gauni. Pana, la kuongezeka mbele."

Fundi alizungusha futi kiunoni mwa mwanawe. Ilibidi aisome ile namba mara tatu, kwa sababu macho yalikuwa yamejaa maji. Majibu ya damu hayakutajwa. Huenda binti alikuwa salama na ndiyo sababu. Huenda hakuwa salama, na alikuwa ameamua hivyohivyo. Usoni mwake hakukuwa na pa kusoma. Alikuwa amejifunza kwa walimu wazuri.

Mtoto alizaliwa msimu wa mvua, msichana mwenye kilio cha kuamsha mtaa. Mwaka uliofuata bega la Sista lilianza kuruka. Mchungaji alikuja siku hiyohiyo aliyosikia, na hakuja na sala peke yake: aliwapanga wanakwaya kwa zamu za kupika na kufua, akaandika na jina lake. Fundi alimlisha dada yake akijua kwamba anautazama mwaka wake mwenyewe unavyokuja, na kulikuwa na siku alitoka uani ili apumue tu.

Binti alikuja kila Jumapili. Kila Jumapili swali lilipanda hadi kooni mwa Fundi, na kila Jumapili alilimeza. Siku moja binti alimkuta anamtazama.

"Nini, mama?"

"Hakuna kitu. Umekula?"

"Bado."

"Nipe huyo mtoto, basi, ule."