Lori la Ushirika Lawaka

Barua ilikuja mwezi wa tano mwaka tisini na tatu. Kama ingewafikia watu wavivu, pengine kijiji kile kingekuwa na lori lake mpaka leo. Kwa bahati mbaya iliwafikia watu wenye bidii.

Mwenyekiti Damas aliisoma mbele ya ghala, mara mbili, kwa sauti ile ile aliyozoea kusomea taarifa za Chama. Chama kikuu cha ushirika kimefilisika. Mkaguzi atafika tarehe ishirini na nane mwezi wa sita kuhakiki hali ya mali zote zilizoko kijijini: ghala, mizani na lori. Wanakijiji watoe ushirikiano. Basi. Haikusema mali nzima itapelekwa wapi wala mbovu itafanywa nini, na hakuna aliyeuliza, maana kila mtu alijiona anajua. Kwa miaka ishirini walikuwa wamefundishwa jambo moja tu kuhusu wageni wa serikali: waonyeshe kizuri. Mkuu wa mkoa akija, mawe ya barabarani yanapakwa chokaa. Mgeni kutoka Dar es Salaam akija, mashine ya kusaga iliyolala miezi mitano inaazimiwa dizeli ingurume siku hiyo moja. Kijiji kilichoonyesha vizuri kilipewa kengele ya shule au mabati. Kilichoonyesha vibaya kilisemwa redioni.

"Wakikuta lori linatembea, watatuachia," Damas alisema. "Wakikuta gofu, watalivuta wakauze vyuma."

Watu wote wakageuka kumtazama Matonya.

Matonya alikuwa dereva wa lori lile tangu lilipokuja likiwa jipya, rangi ya bluu, la tani saba, na yeye ndiye aliyeliegesha nyuma ya ghala mwaka themanini na nne, nozeli mbili za kupulizia dizeli zilipokufa. Aliambiwa asubiri kibali cha spea. Akasubiri. Mwaka wa kwanza alikuwa akilifuta vumbi kila Jumamosi. Mwaka wa tatu kuku wa jirani walikuwa wakitagia kwenye kiti chake, naye akaacha hata kupita upande ule. Alirudi kwenye mizabibu yake kama wengine, akawa mtu wa jembe mwenye leseni ya daraja la juu kwenye sanduku la nguo.

Na mizabibu ndiyo iliyokuwa ikimuumiza. Pale ni karibu na Hombolo, mtu anaishi kwa zabibu, na zabibu ikishakatwa haina subira. Zamani walikata alfajiri, lori likaondoka saa mbili, na saa nne mzigo uko mjini. Siku hizi za ruksa, kila mtu na biashara yake, walanguzi walikuja na magari yao, wakayapanga barabarani, wakakaa kivulini wakinywa soda mpaka saa tisa alasiri, matenga yanaanza kuvuja maji. Hapo ndipo walipotaja bei. Matonya alikuwa ameshawahi kumwaga tenga zima miguuni mwa mlanguzi mmoja kwa hasira, na kilichompata ni kwamba alirudi nyumbani bila zabibu na bila hela. Lori likiwaka, mambo hayo yangekwisha. Hakuwaza kitu kingine mwezi ule wote.

Mkewe Edina ndiye pekee aliyelitazama jambo lile kwa jicho jingine.

"Baba Miriam," alimwambia wakipalilia, "kwa baba yangu, alipokuwa akija mhesabu mifugo wa serikali, zizini walikuwa wakibaki ng'ombe wanane, tena wale waliokonda. Wengine walikuwa kwa wajomba, kwa mashemeji, mpaka Kongwa. Hakuna Mgogo aliyewahi kumpangia karani mafahali mstari mmoja ahesabu vizuri."

"Lori si ng'ombe, mama Miriam."

"Serikali inalijua hilo?"

Matonya alicheka. Ubaya wa mtu anayejua kazi yake ni kwamba hudhani anajua na mengine. Wiki ile ile alimwomba Edina mtamba wake mwekundu, akamuuza mnadani, akaenda mjini kununua nozeli. Vitu alivyovisubiri miaka tisa vilikuwa vimepangwa kwenye kabati la kioo la duka la kwanza tu aliloingia, hakuna kibali, hakuna fomu, unalipa unapewa. Alisimama pale dukani amezishika mkononi, akaona uchungu kiasi kwamba muuza duka alimuuliza kama anaumwa.

Kazi yenyewe aliifanya kwa adabu. Alitoa kwanza viota vya panya kwenye kichujio cha hewa, ndoo nzima. Akalishusha tangi, akamwaga uji mweusi uliokuwa zamani dizeli, akalisugua kwa mkono siku mbili, akalisuuza mara tatu kwa mafuta safi na kokoto ndogo mpaka chuma kikang'aa ndani. Akafungua nozeli zote sita, na kwenye kila tundu akamimina dizeli iliyochanganywa na oili, akaziacha pistoni zilowe. Kila asubuhi aliingia chini ya gari, akapachika spana kubwa kwenye nati ya mbele ya krenki, mhimili unaozungusha injini, akavuta. Siku ya kwanza haikusogea. Siku ya tano haikusogea, na Damas akaanza kusema pengine wapake rangi tu. Siku ya tisa, Matonya amening'inia kwenye spana kwa uzito wake wote, krenki ilizunguka upana wa kidole. Alilala pale pale chini mgongo mchangani, machozi yakimtoka, wala hakuona haya.

Baada ya hapo ilikuwa suala la subira. Mkanda wa feni, mipira ya rejeta, oili mpya, betri ya kuazima kwa mwenye mashine ya kusaga. Hakufanya usiku kwa siri; alifanya mchana, kweupe, watu wamejaa kama msibani, kila mmoja na ushauri wake. Alipiga pampu ya mkono kutoa hewa kwenye mabomba, akalegeza nati moja baada ya nyingine mpaka dizeli ikatoka bila povu. Akapanda. Stata ilikoroma, ikakoroma, injini ikakohoa moshi mweupe, ikazima. Mara ya nne ilishika. Moshi ukawa mweusi, kisha ukapungua, kisha injini ikatulia kwenye ule mngurumo mzito alioujua kuliko sauti za wanawe. Wanawake walipiga vigelegele. Damas alimkumbatia mbele ya watu wote na kumwita shujaa wa kijiji.

Mkaguzi alikuja tarehe ile ile, na alikuwa binti. Jina lake Devota, mfanyakazi wa ofisi ya mfilisi, mwenyeji wa Ipagala pale mjini lakini asili yake si ya mkoa ule. Alishuka kwenye Landrover akakuta mawe yamepakwa chokaa, ngoma inapigwa, kitabu cha wageni kipo mezani juu ya kitambaa, na lori la bluu limeoshwa likiunguruma mbele ya ghala na maua ya bogenvilia kwenye bampa. Alisimama kidogo mlangoni mwa gari lake kama mtu aliyekosea nyumba.

Damas alisoma risala. Ilikuwa ndefu, yenye takwimu, na ndani yake ilisema kwamba lori la kijiji ni zima kwa asilimia mia moja na liko tayari kwa safari yoyote ndani na nje ya mkoa. Akamkabidhi nakala kwa mikono miwili, muhuri wa kijiji umepigwa kila ukurasa.

Devota alilizunguka lori taratibu. Kisha akamsogelea Matonya, akimwacha Damas nyuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Wewe ndiye fundi?"

"Fundi na dereva."

Devota alishusha sauti. "Gari limekaa miaka tisa. Nikuulize vizuri, mzee wangu, na unijibu vizuri. Leo limewaka kwa kubahatisha tu, siyo? Likizimwa hapa, huenda lisiwake tena?"

Alikuwa akimfungulia mlango wa kutokea. Hata dereva wa Landrover alielewa, akatazama pembeni. Lakini Matonya alisikia kitu kimoja tu, kwamba mtoto wa juzi amemwambia kazi yake ni ya kubahatisha. Alipanda, akazima. Akawasha, likashika papo hapo. Akazima tena, akawasha tena. Mara ya tatu aliliondoa, akalizungusha ghala zima kwa gia ya pili, akalirejesha mahali pale pale bila kugusa jiwe hata moja la chokaa.

"Hata ukirudi mwakani litawaka," alisema kutoka dirishani.

Devota alitoa fomu kwenye mkoba, akaitazama, akaikunja. Akatoa nyingine. Aliandika akiwa ameegemea bodi ya lori, kisha akamwita Damas na Matonya chini ya paa la ghala, akawaeleza kwa upole ambao ulikuwa mgumu kuuvumilia. Mali inayofanya kazi inakwenda mnadani mjini kulipa madeni ya chama kikuu. Chakavu inaachwa kijijini, kwa sababu kuibeba ni gharama tupu.

"Ile fomu nilikuja nimeshaijaza," alisema. "Nililisoma faili mjini. Niliandika chakavu. Ilibaki sahihi tu."

Matonya aliketi juu ya mizani. "Basi weka sahihi, mwanangu. Weka kwenye ile."

"Mzee, watu mia wameona. Dereva wangu ameona. Na risala ninayo, ina muhuri."

Damas alisema labda lori linaweza kuharibika jioni ile. Devota alisema yeye ametumwa kuandika alichokiona. Hakula wali aliopikiwa, akaondoka.

Watu waliosema Matonya ni shujaa walihitaji siku moja tu kubadilika. Kufikia Jumapili ilikuwa inajulikana kwamba kijiji kilitaka lipakwe rangi, yeye ndiye aliyeng'ang'ania kuliwasha kwa kujionyesha. Damas ndiye aliyekuwa akisema hivyo zaidi. Kuhusu kuzima na kuwasha mara tatu hawakuhitaji kuzusha. Edina hakumlaumu kwa neno lolote. Alikamua ng'ombe wake waliobaki, akapika, akamtengea chakula, na Matonya alitamani angemtukana.

Lori lilinunuliwa na tajiri mmoja wa mjini, na habari ikaletwa kwamba litachukuliwa Alhamisi. Jumatano mchana Damas alimjia Matonya shambani na kopo la mchanga mkononi.

"Tajiri amenunua gari linalotembea," alisema. "Likimfia hapa hapa atalikataa, watalifuta kwenye orodha. Tia huu kwenye tangi. Ukifanya hivi, watu watakusamehe."

Ilikuwa kweli. Matonya alilijua hilo kama Damas alivyolijua. Alichukua kopo, akaenda nyuma ya ghala, akafungua kifuniko cha tangi. Ndani mle alimokuwa ameingiza mkono wake mpaka kwapani, akisugua kwa siku mbili, dizeli ilikuwa safi, anaona mpaka chini. Alisimama hapo muda mrefu. Alijiambia amwage. Alijiita mpumbavu, akajiita mwoga. Alifikiria mtamba mwekundu wa Edina na walanguzi wakinywa soda kivulini. Mkono ulikataa. Alimwaga mchanga chini, akaufukia kwa mguu, akafunga kifuniko, akamrudishia Damas kopo tupu.

"Tayari," alisema.

Alhamisi kijiji kizima kilikuja kutazama, na walikuja wamechangamka. Watu wawili watatu walimshika Matonya bega walipompita. Mtu wa tajiri alikuwa dereva mmoja mwenye kofia ya sufu, aliyejulikana kwa jina la Yahaya. Betri ilikuwa imesharudishwa kwa mwenyewe, kwa hiyo Yahaya hakuhangaika na stata. Alifunga mnyororo kwenye lori jingine alilokuja nalo, akamwambia mwenzake avute. Watu walikuwa wakigusana viwiko. Lori la bluu lilikwenda hatua kumi likiwa kimya, Yahaya akaachia klachi, na injini ikashika mara moja, laini, bila hata kukohoa.

Watu waligeuka mmoja mmoja kumtazama Matonya, na Damas alikuwa bado ana lile kopo nyumbani kwake, ameshawasimulia wote kwamba mchanga umetiwa. Matonya alisikiliza lori likibadilisha gia kwenye mteremko wa mto mkavu, likapanda upande wa pili, likaelekea Dodoma.

Msimu uliofuata lilirudi. Liliegeshwa barabarani pamoja na mengine ya walanguzi, limepakwa rangi nyekundu, mizani imening'inizwa nyuma, na kama mengine lilingoja mpaka saa tisa. Wanakijiji walipanga foleni na matenga yao. Edina alikuwa wa nne. Alipofika mbele, Yahaya, aliyekuwa juu ya bodi akipokea mizigo, alikuwa akiwaeleza watu jinsi gari lile lilivyokuwa zima. Alikuwa amekwenda nalo mpaka Tabora, mpaka Mtwara, hajafungua hata nati moja.

"Nani alilitengeneza, mama?" alimuuliza Edina. "Niliambiwa ni mtu wa hapa hapa. Tajiri anamtafuta, ana magari manne, anataka kumpa kazi ya kudumu."

Matonya alikuwa nyuma ya mkewe, tenga la pili begani, maji ya zabibu yakimchuruzika shingoni.

"Alikuwepo," Edina alisema bila kugeuka. "Alishahama."

Matonya alingoja. Kulikuwa na watu zaidi ya ishirini pale, wengine amezaliwa nao mwaka mmoja, na Damas alikuwa wa sita. Aliwapa nafasi ya kutosha ya kumtaja. Kisha akaliinua tenga kwa mikono miwili, akampa Yahaya.