Majani ya Ndila

Kilichomuuma Warigia hakikuwa njaa, kilikuwa ndoo ya Ndila. Mke mwenza huyo, Mkamba aliyeolewa juzi tu, alikamua mpaka povu likamwagika, na ng'ombe wao walikuwa wa mama mmoja! Wa Warigia alitoa vijiko tu, na vijiko hivyo alimpa mjukuu wake Gathoni, ambaye miguu ilikuwa imeanza kuvimba kwa utapiamlo. Mume wao Wamae alikuwa kizuizini, kwa hiyo hakuwa na wa kumlalamikia.

Tangu serikali ya mkoloni iwahamishie katika kijiji kilichozungushiwa handaki, waliruhusiwa kutoka kwa muda wa saa mbili tu kila siku. Warigia aliumaliza wote kumswaga ng'ombe hadi mtoni na kurudi. Ndila alimfunga wake nyuma ya nyumba, akamkatia majani hapo karibu.

Wasike, bwana mifugo, alimwambia wazi: "Mama, jua inapea nyasi nguvu, nyasi inapea ng'ombe. Lakini yako inamaliza hiyo nguvu kwa miguu. Maziwa itatoka wapi? Fanya kama huyu mwenzako."

Afanye kama Ndila! Kesho yake akamswaga ng'ombe wake mtoni kama kawaida.

Kisha daraja likachomwa na wapiganaji wa msituni, na kijiji kikafungwa siku tatu, hakuna kutoka. Ndila alikuwa na lundo la majani. Warigia hakuwa na hata unyasi. Angeomba, angepewa. Badala yake alingoja Ndila aende foleni ya maji mle kijijini, akalibeba lundo lote na kulitupa handakini, kwenye vijiti vilivyochongwa ambako hakuna aliyethubutu kushuka. Hata ng'ombe wake hakumpa. Hasira haikumwachia nafasi ya akili.

Siku ya tatu ndoo ya Ndila ilikuwa kavu. Warigia alitabasamu peke yake jikoni, roho imetulia. Ndipo Gathoni akaingia akilia, kikombe mkononi.

"Mama Ndila anasema leo hakuna."

"Hakuna nini?"

"Maziwa. Ile yangu ya kila siku. Alisema nisikuambie, ati utakataa."

Warigia aliitazama ile miguu iliyonywea, aliyokuwa akijisifia kwa majirani kwamba imeponywa na vijiko vyake.

Ndila mwenyewe akasimama mlangoni. "Usimchape, mama. Majani yangu iliibiwa. Wakitufungulia kesho nitakata ingine, mtoto atakunywa."

Warigia alishindwa kumtazama usoni.