Pumziko la Herminia

Daktari alisema neno moja tu, pumziko, na familia nzima ya Herminia Arribas ikalidaka. Alikuwa ameanguka jikoni siku ya Jumatano, kizunguzungu kimemkamata mwiko ukiwa mkononi, na daktari wa mtaa hapa kwetu Palencia, bara ya Hispania, akamshauri mumewe ampeleke pwani miezi miwili, Novemba na Desemba, baridi yetu inapoanza kung'ata na hoteli za baharini zinapojaa wazee. "Akae tu," daktari alisema. "Asifanye kitu."

Basi Jumapili wakakutana wote mezani kupanga jinsi Herminia atakavyokaa bila kufanya kitu. Chakula alipika Herminia.

Mumewe, Fulgencio, alikuwa karani wa ardhi kwa miaka thelathini na minane, na kustaafu hakujamponya ugonjwa wa rula. Alikuja na daftari la miraba, na ndani yake pumziko la mkewe lilikuwa limepigwa mistari kwa kalamu nyekundu. Saa kumi na mbili asubuhi, kwenda kuchomeka mwavuli mstari wa mbele ufukweni kabla wazee wa Madrid hawajauwahi. Saa tatu, matembezi. Saa nane mchana, chakula. Saa tisa, usingizi. Saa kumi na mbili jioni, dansi. Saa tatu usiku, chakula. Katika ratiba ile nzima chakula kilikuwa kinatokea chenyewe tu, kama jua.

"Nimepata nyumba ya kupanga kule pwani, Gandía," alisema huku akijipakulia dengu. "Hoteli inabana. Ukiwa na nyumba uko huru, unakula unachotaka."

"Ina vyumba vingapi?" aliuliza Nuria, binti yao, ambaye ana mapacha wa miaka sita na mume anayesafiri sana.

"Viwili."

"Tafuteni vitatu, baba. Desemba kuna sikukuu mbili, tarehe sita na tarehe nane, tutaunganisha na siku ya katikati, nasi tushuke. Halafu nitawaacha mapacha na mama hadi Krismasi. Watamchangamsha! Mtu akikaa peke yake na ugonjwa, mawazo yanamla."

Herminia alikuwa amesimama kuleta mkate. Aliporudi, mwanawe Gonzalo, miaka arobaini na mmoja, hajaoa wala hana dalili, alikuwa ameshika zamu.

"Mimi naweza kufanyia kazi kokote, ilimradi mtandao upo. Nitakaa na mama Novemba yote. Mama, usijali, mimi si mtu wa makuu, unajua. Kroketi zako za kukaanga tu zinanitosha."

"Basi kuwe na jokofu kubwa la kugandishia," Nuria alisema. "Apike kwa wingi siku moja, agandishe, zinazobaki apumzike. Nasi tukiondoka tunabeba kwenye vibakuli vyetu."

"Na mashine ya kufulia," Gonzalo aliongeza.

"Na tanuri," alisema Fulgencio, akiandika. "Mnaona raha ya kupanga mapema? Mama yenu atastarehe mpaka ajisahau."

Herminia alikuwa amekwenda kuchemsha kahawa. Alishika ukingo wa sinki akangoja sakafu itulie, kisha akapeleka vikombe. Hakuna aliyemuuliza kitu. Ukweli ni kwamba aliona haya kusema, kwa sababu wote walikuwa wanampenda na wote walikuwa wameshiba.

Jumatatu akatumwa yeye mwenyewe ofisi ya safari kutia sahihi mkataba wa nyumba, maana wengine walikuwa na shughuli. Nyuma ya meza alikuwepo Maite, binti wa fundi viatu wa mtaani kwao, aliyekula chakula cha Herminia shuleni miaka sita, enzi Herminia alipokuwa mpishi pale. Maite aliisoma karatasi ya Fulgencio kwa sauti, vyumba vitatu, tanuri, jokofu la droo sita, mashine ya kufulia, akanyanyua macho.

"Bibi Herminia, mgonjwa ni nani?"

Herminia alifungua mdomo, machozi yakawahi kutoka. Alilia palepale mbele ya mabango ya bahari, mtu mzima mwenye mkoba mapajani, na Maite akaenda kufunga mlango.

Akamtolea picha ya hoteli. Ilikuwa ng'ambo ya barabara kutoka nyumba ile ya kupanga, ya wazee watupu, watoto hawalali humo. Milo mitatu. "Na jikoni hawatakuruhusu kuingia hata ukiomba," Maite alisema.

"Nitalipa kwa pensheni yangu," alisema Herminia, akifuta pua.

"Chumba cha mmoja au cha wawili?"

Hapo Herminia alikwama. Fulgencio si mtu mbaya. Hajawahi kumpigia kelele, na kwenye dansi bado anamshika kiuno kama zamani. "Nishikie vyote viwili," alisema. "Nitakupigia kabla ya saa nane." Nyumba ya kupanga aliitilia sahihi vilevile, bila kinyongo. Waliitaka, waipate.

Nyumbani alimkuta mumewe ameinamia ramani ya ufukwe, anapima mahali pa mwavuli. Herminia hakuvua koti.

"Nyumba mmepata," alisema. "Kila kitu mlichotaka. Ila mimi sitakaa humo. Nitakaa hotelini, ng'ambo ya barabara. Wanapika wao."

Fulgencio alivua miwani. Herminia alisubiri, moyo unamwenda mbio kama msichana. Alitaka amuulize swali moja tu baada ya miaka arobaini na sita ya ndoa: je, na mimi nina nafasi huko? Angemjibu kabla hajalimaliza.

"Hotelini," alisema Fulgencio. "Miezi yote miwili?"

"Yote."

"Sasa," alisema, na sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli kabisa, "mimi nitakula nini?"

Ilimuuma. Ilimuuma kuliko alivyotarajia, na baada ya kumuuma akahisi wepesi, akainua simu.

"Maite, mwanangu, ni mimi. Cha mmoja."

"Dirisha upande gani, bibi? Bahari au barabara?"

"Bahari."

Alipokata simu, Fulgencio alikuwa ameshaingia jikoni. Alimsikia anafungua kabati na kulifunga, anafungua jingine, kama mgeni katika nyumba ya watu.

"Herminia," aliita, "hivi chumvi huwa inakaa wapi?"

"Tafuta, mume wangu," alisema, akivua koti. "Una mpaka Novemba."