Bomba la Nje

Buti mbili za mpira zilichomoza chini ya trela, na kutoka huko chini ikasikika sauti ya Marlys Haugland akilitukana tangi la maji ya moto. Hakuwa mtu wa matusi; kanisani ndiye aliyepanga maua. Lakini kizibo cha tangi kilikuwa kimegoma, Oktoba ilikuwa ukingoni, na redio ilikuwa imetangaza kwamba usiku huo kila kilicho na maji kitaganda.

Kazi hii ilikuwa ya mumewe, Orrin. Kila mwaka, kabla ya theluji, aliyamwaga maji yote ya trela lao la kambi, nyumba ndogo ya kuvutwa na gari, kisha akayajaza mabomba dawa ya waridi isiyoganda. Huku kwetu Minnesota ya kaskazini, maji kidogo tu yakisahaulika bombani huvimba yakiwa barafu, na asubuhi una bomba lililopasuka. Mei ikifika, barafu ikishaondoka ziwani, wawili hao walikwenda kupiga kambi na kuvua. Sasa mikono ya Orrin ilikuwa inatetemeka. Kahawa alitiliwa nusu kikombe asije akajimwagia, na tangu kiangazi alikuwa akisema trela auziwe mdogo wake, Delbert.

Delbert mwenyewe alikuwa ameegemea ua, anakunywa kahawa.

"Shemeji, toka huko. Utajipa kichomi bure."

"Nikipata kichomi utaniletea supu. Haya, nipishe mwanga."

"Ukiyapasua mabomba, trela nitalitaka hivyohivyo lilivyo."

Marlys akajiburuta nje, uso umejaa vumbi. "Sikilizeni nyote wawili. Likipasuka bomba hata moja, Delbert alichukue. Yakisalimika, Mei tunakwenda ziwani, na sitaki kusikia habari ya kuuza tena."

"Ahadi ni deni, shemeji."

"Nami si mtu wa madeni."

Orrin alikuwa amekaa kibarazani, blanketi magotini. Marlys akamgeukia. "Tangi nimelimwaga na kulifunga njia, dawa isiingie humo. Sasa naanza na bomba gani?"

"Si umesema unaweza? Fanya."

Maneno yale yalimuuma, na uchungu wake ukamtia nguvu. Alitumbukiza mpira wa pampu kwenye dumu la dawa, akawasha, akaingia ndani kufungua bomba moja baada ya jingine mpaka kila moja likatema rangi ya waridi: la jikoni, la bafuni, la choo. Kisha akakumbuka viazi vyake kwenye oveni, akakimbilia nyumbani, dumu na mpira akaviacha palepale, pampu haijazimwa. Aliporudi alimkuta Orrin amesimama kando ya trela, ndara zake na pindo la suruali vimerowa dawa.

"Umefanya nini tena, mzee?"

"Nimekanyaga uchafu wako."

Alimpangusa huku akigomba, na Orrin akagombezwa kimya, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Ilikuwa Januari, mikono yake imo kwenye maji ya vyombo, Marlys alipotazama dirishani. Theluji ilikuwa imelizika trela hadi kiunoni. Macho yake yakatua kwenye kile kimlango kidogo cha ubavuni, na sahani ikamponyoka. Nyuma ya kimlango kile kulikuwa na bomba la nje, la kuoshea miguu na samaki. Hakulifungua. Hata hakulifikiria. Na kwa baridi ile, lililokuwa la kupasuka lilikwisha kupasuka zamani.

Angeweza kusema. Badala yake alipiga moyo konde, akaokota vipande vya sahani, na Machi ilipoingia akaenda mjini kukata vibali viwili vya kuvua samaki.

"Vya nini viwili?" Orrin aliuliza.

"Kimoja changu, kimoja chako."

"Mikono hii haishiki ndoana."

"Basi itashika kibali."

Siku ya safari Delbert alikuja na gari lake lenye ndoano ya kuvutia trela. "Washa pampu hapahapa uani, shemeji. Ya nini kulisumbua hadi ziwani, halafu nilirudishe mimi?"

"Nitaiwasha ziwani. Nikishindwa, nishindwe nikiwa nimeshafika!"

Marlys aliendesha mwenyewe gari lao, trela nyuma na Orrin kando yake, mikono imeng'ang'ania usukani, na Delbert akiwafuata kwa gari lake kama mtu anayesindikiza jeneza. Ziwa lilikuwa jeusi na wazi, vipande vya mwisho vya barafu vimekwama mateteni, misonobari inanuka mvua. Alilirudisha trela kinyumenyume, akakosea, akarudia, akaligusa jiwe, akarudia tena. Delbert alipofungua mdomo, Marlys alimnyooshea kidole, ukafungwa.

Akalijaza tangi la maji safi, akawasha pampu. Ikanguruma. Pampu ya trela hunyamaza yenyewe mabomba yakiwa mazima; yakivuja, hunguruma tu. Marlys alisimama kiganja kikiwa ukutani, akiusikia mtetemo, akiona aibu kuomba Mungu kwa ajili ya plastiki, na akiomba.

Pampu ikanyamaza.

Hakuamini. Alitoka, akafungua kimlango cha ubavuni, akazungusha bomba la nje. Likakohoa, likatema hewa, kisha ikamwagika dawa ya waridi juu ya buti zake.

Zikamjia akilini zile ndara za Orrin zilizorowa Oktoba. Alimkasirikia mumewe na kumpenda kwa pamoja, hata hakujua aanze na lipi. Orrin alikuwa amekaa kwenye kiti cha turubai, amelikodolea macho ziwa kana kwamba hajawahi kuliona.

"Wewe ndiye uliyelifungua bomba hili."

"Lilikuwa limesahauliwa."

"Na ulikuwa unataka kuuza!"

"Nilitaka kujua kama mikono bado inaweza." Akaivuta kofia chini. "Ilichelewa kidogo, lakini iliweza."

"Miezi yote hii nimekufa kwa hofu! Kwa nini hukusema?"

"Ungenishukuru. Sikutaka kushukuriwa."

"Vipi huko?" Delbert alipaza sauti kutoka garini. "Linavuja?"

"Nenda kalete supu!" Marlys alimjibu.

Akayaacha maji yatiririke mpaka yakawa maangavu, akakinga kikombe, kikafika nusu, akafunga bomba kama alivyozoea. Orrin alikitazama kikombe, kisha akamtazama yeye.

"Jaza."

Marlys akajaza mpaka ukingoni. Orrin akakipokea kwa mikono yote miwili. Maji yakamwagika vidoleni, mikononi, hadi magotini, na yeye akakipeleka kinywani bila haraka, macho yake ziwani.